Ratiba ya "Kigoma ndani ya saa 48": tuichambue kabla haijamkwamisha mtu mwingine Gombe

#1 Mwisho_wa_Reli

Mwakeye wakuu.

Kuna ratiba ya wikiendi Kigoma inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, imepambwa rangi na picha za sokwe. Kuna kundi la watu wa maofisini Dar wameshaifuata kama ilivyo. Matokeo: walisubiri jua lichomoze ziwani likawachomozea kisogoni, dagaa hawakuwaona, na Jumamosi usiku wakalala kwenye hifadhi ya sokwe ya Gombe bila mswaki huku vyumba walivyolipia viko mjini. Ujiji wakaisikia tu.

Naibandika hapa kwa ufupi ili wenye ujuzi waipasue:

Ijumaa, ndege ya jioni, kulala mjini.

Jumamosi: saa 12:00 asubuhi mawio ya jua ziwani Kibirizi. Saa 12:45 kuona dagaa wakishushwa. Saa 3 boti ya abiria kwenda Gombe, sokwe "dakika 45", kurudi na boti ya saa 9 alasiri. Saa 11 kupanda meli kongwe ya MV Liemba, selfi kwenye sitaha. Saa 12:15 jioni machweo ufukwe wa Jakobsen. Saa 12:45 chakula.

Jumapili: saa 2 Ujiji, "nyumba aliyoishi Livingstone na mwembe wenyewe". Saa 4 sokoni. Saa 6 uwanja wa ndege.

Anayejua kipande chake akitie hapa, na tafadhali tusielezane ya "nilipokuwa mdogo". Tunataka saa, umbali na sababu.

#2 Nyuzi_Ishirini_na_Tisa

Mkuu, naanza na jua maana hapo ndipo ratiba nzima ilipoanza kupinda.

Kwanza, Kigoma iko ufuko wa mashariki wa Tanganyika. Ukitazama ziwa unatazama magharibi, yaani Kongo. Jua linachomoza nyuma ya vilima vya mji na kuzama ziwani. Mawio ya jua ziwani Kibirizi hayapo leo, hayatakuwepo kesho. Anayeyataka avuke aende Kalemie.

Pili, saa zenyewe. Saa ya Tanzania imewekwa kwa kufuata longitudo ya 45 mashariki, ambayo haimo hata ndani ya nchi. Dar iko kwenye 39 na kidogo, Kigoma iko kwenye 29 na nusu hivi. Kila nyuzi moja ni dakika 4 za jua. Kutoka Dar mpaka Kigoma kuna nyuzi karibu 10, kwa hiyo jua la Kigoma linachelewa dakika 40 hivi nyuma ya jua la Dar, ingawa saa ya mkononi inasoma sawasawa.

Kwa vitendo: Kigoma jua linachomoza kati ya saa 12:35 asubuhi (mwanzoni mwa Novemba) na saa 1:15 (Julai). Linazama kati ya saa 12:50 jioni (Oktoba) na saa 1:25 (Februari). Jua la utosi ni saa 7 mchana, si saa 6. Sasa mtu anayekwenda Kibirizi saa 12 kamili asubuhi anakwenda gizani. Na anayekwenda Jakobsen saa 12:15 jioni akiwa na meza ya chakula saa 12:45, atapiga picha ya jua kali la kukunja uso, aondoke, halafu machweo yamkute kwenye bajaji akiwa ameyapa mgongo.

Nyongeza: Julai mpaka Septemba kuna moshi wa mashamba na vumbi angani. Jua halifiki kwenye maji, linamezwa na ukungu mwekundu kabla ya kugusa milima ya Kongo. Ukitaka mstari safi wa milima ya ng'ambo, njoo mvua zinapopumzika, siku moja baada ya kunyesha.

#3 Kuhe_Mkubwa

"Likawachomozea kisogoni" 😂😂 Naweka kambi.

#4 Gati_la_Kibirizi

Nichukue boti, maana humo ndimo ratiba ilimofia.

Boti za abiria za kaskazini zinatoka Kibirizi, kilomita 3 hivi kutoka stesheni ya reli. Ni za mbao, ndefu, injini ya nje, abiria wamekaa juu ya mizigo au mizigo iko juu ya abiria. Zinahudumia vijiji vya mwambao mpaka Kagunga kwenye mpaka wa Burundi, kwa kuwa huko njia kuu ni maji. Hazikuanzishwa kwa ajili ya watalii, na hili ndilo la kulielewa kabla ya yote.

Mtu wa kijijini anatoka kwake alfajiri, anafika mjini asubuhi, anauza, ananunua sukari na bati, anarudi mchana. Kwa hiyo boti inateremka kuja Kigoma asubuhi na kupanda kwenda kaskazini mchana, kuanzia saa 6 hadi saa 8, ikijaa. Safari ya mpaka Gombe ni saa 3 hivi, ikisimama Mtanga na vijiji vingine. Ratiba ya WhatsApp imeigeuza juu chini: inataka boti ya kupanda asubuhi na ya kushuka alasiri. Hiyo haipo.

Matokeo yake ni haya. Ukipanda Jumamosi saa 7 mchana unafika Gombe saa 10 jioni. Hakuna boti ya kurudi siku hiyo. Boti ya kurudi inapita alfajiri ya siku inayofuata. Na siku inayofuata ni Jumapili, siku ambayo kwa kawaida boti hizo hazitembei. Kwa maana hiyo, anayekwenda Gombe Jumamosi kwa boti ya abiria ana miadi na Jumatatu asubuhi.

Wale wa Dar walilazimika kuagiza boti ya kukodi iwafuate Jumapili. Boti inayoitwa kwa dharura haina bei ya kujadili.

#5 Mama_Mise

Kaka Gati, kwa hiyo mwenye siku mbili tu asahau Gombe? Na akikodi boti yake mwenyewe aangalie nini? Nauliza kwa ajili ya wageni ninaowapangia, wapo 6.

#6 Gati_la_Kibirizi

Dada, asisahau, akodi. Watu 6 wanagawana gharama vizuri. Ila makubaliano yafanywe Ijumaa, si Jumamosi asubuhi ufukweni. Mambo ya kumaliza kabla ya kutoa hata shilingi ni haya.

Mafuta. Uliza injini ni hospawa ngapi. Injini ya 40 ya kuchanganya oili ikikimbizwa inakula lita 15 mpaka 20 kwa saa. Kwa boti ya mbao yenye watu 6 hesabu saa moja na nusu kwenda na kama hiyo kurudi, yaani lita 45 hadi 60, kisha ongeza theluthi ya akiba kwa ajili ya upepo. Zione kwenye madumu kabla ya kupanda. Ugonjwa mkubwa wa boti za kukodi ni nahodha kununua mafuta ya kwenda tu, akitegemea atayapata ya kurudia kijijini kwa bei ya kijijini, na tofauti hiyo unaulizwa wewe mkiwa katikati ya maji.

Mchanganyiko. Kwa injini nyingi za aina hiyo ni oili lita 1 kwa petroli lita 50. Oili ikipunguzwa pistoni inajikaba. Ikizidishwa, plagi inajaa masizi na injini inakohoa. Ndiyo maana boti iwe na plagi ya akiba, spana yake, na pini ya propela. Pini hiyo imetengenezwa ikatike propela ikigonga jiwe ili gia isivunjike. Ni kitu kidogo cha bei ndogo, lakini kikikatika bila kuwa na kingine mnapiga kasia.

Jaketi la kuokolea moja kwa kila kichwa, na kila mtu ajaribu kulifunga mkiwa bado nchi kavu. Jaketi ambalo buckle yake imefungwa kwa kamba ya katani halihesabiki.

Muda. Ondokeni saa 12:30 asubuhi, kungali giza-giza (rejea bandiko la Nyuzi), mfike Gombe kabla ya saa 3. Msitoke Gombe baada ya saa 8 mchana, hasa Mei mpaka Septemba. Kipindi hicho upepo wa kusi unavuma na mawimbi yanazidi mchana. Kurudi Kigoma ni kuelekea kusini, kwa hiyo mnalipiga wimbi kwa pua njia nzima na saa moja na nusu inakuwa tatu.

Malipo: nusu kabla, nusu mkirudi Kibirizi. Na muandikiane kwamba kungoja kumo ndani ya bei.

#7 Kasekela_Njia_Panda

Naongezea upande wa hifadhi, maana "sokwe dakika 45" imenichekesha.

Gombe si bustani ya wanyama. Unaongozwa na mwongozaji kuwatafuta kwa miguu kwenye miteremko. Ziwa liko mita 770 na kitu juu ya usawa wa bahari, matuta ya nyuma yanapita mita 1,500, na katikati ni makorongo. Siku ya bahati unawakuta baada ya nusu saa. Siku nyingine unatembea saa nne, tano. Ukishawakuta ndipo inaanza saa moja ya kuwatazama. Basi hesabu nusu siku, na ukirudi mapema ujishukuru.

Wafuatiliaji wana mbinu yao: sokwe hulala kwenye viota mitini, kwa hiyo wanapoachwa jioni inajulikana walipo, na alfajiri wafuatiliaji wanaanzia hapo. Kila saa inayopita baada ya hapo sokwe wanasogea. Anayefika saa 10 jioni kwa boti ya abiria amefika watu wanamalizia kazi. Anayelala hifadhini na kutoka mapema ndiye mwenye nafasi nzuri kuliko wote. Kwa maana hiyo wale wa Dar walikwama mahali pazuri, tatizo lao lilikuwa mswaki.

Kanuni zinazokata watu: mwenye mafua au kikohozi haruhusiwi kuwafuata sokwe, kwa kuwa maradhi yetu ya kifua yanawaua. Umbali ni mita 10. Usile mbele yao. Watoto wadogo hawapelekwi, uliza kiwango cha umri kabla ya kumkatia mtoto tiketi ya ndege. Malipo ni ya kadi au namba ya malipo, usitegemee noti mfukoni, na mtandao wa simu pale ni wa kubahatisha, kwa hiyo malizeni mkiwa mjini.

Nyani wa ufukweni ni kesi nyingine. Chumba kifungwe kwa komeo, dirisha pia. Mkate ukiuacha mezani kwa sekunde kumi umeshautoa sadaka.

Na kwa faida ya wanaopenda takwimu: Jane Goodall alianza kazi pale 14 Julai 1960, na eneo likawa hifadhi ya taifa mwaka 1968. Wale wanaoendelea kuandika kwamba ndiyo hifadhi ndogo kuliko zote Tanzania wamesahau Kisiwa cha Saanane pale Mwanza.

#8 Kuhe_Mkubwa

Swali la mjinga: kwa nini wengine wakienda Gombe wanasema wamekosea saa? Kuna mtu alilalamika kwamba boti ya alfajiri ilimwacha wakati simu yake ilionyesha bado saa nzima.

#9 Nyuzi_Ishirini_na_Tisa

Si swali la mjinga hata kidogo mkuu. Burundi na mashariki ya Kongo wako saa moja nyuma yetu. Simu iliyowekwa ijipangie saa yenyewe, ikikosa mnara wa Tanzania na kudaka wa jirani, inarudi nyuma saa nzima bila kukuuliza. Huko kaskazini ya ziwa, minara ya jirani haiko mbali. Ukiweka kengele ya saa 11:30 alfajiri, italia saa 12:30 ya Tanzania, na boti imeshapita Mtanga.

Dawa: kabla ya kutoka Kibirizi zima upangaji wa saa wa moja kwa moja, zima na data za nje ya nchi zisije zikakula salio. Au vaa saa ya mkono, teknolojia ya zamani lakini haijui mipaka.

#10 Bibi_Karabai

Wanangu, mmesahau dagaa. Ratiba inasema "saa 12:45 kuona dagaa wakishushwa" kana kwamba dagaa wana mkataba.

Dagaa wa Kigoma wanavuliwa usiku kwa taa. Zamani karabai, siku hizi taa za betri na sola. Taa inakusanya vijidudu vya majini, vijidudu vinaleta dagaa, dagaa wanainuliwa kwa wavu. Mbalamwezi ikiwa kali, nuru ya taa haina nguvu ya kukusanya, samaki wanatawanyika ziwa zima. Kwa hiyo siku za mwezi mpevu, kama wiki moja hivi, wavuvi wengi hawaingii, wanashona nyavu. Wale wa Dar walikuja mwezi ukiwa duara kamili. Walikuta nyavu zimeanikwa na vijana wanacheza bao.

Kabla hujachagua wikiendi, angalia mwezi. Bora ni siku za giza, mwezi mwandamo na siku tano sita za kila upande. Tena angalieni kalenda ya serikali: mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaane. Aliyekuja Juni mwaka ule kutafuta dagaa wabichi alitafuta jambo lisilokuwepo.

Mahali: Kibirizi kwenyewe, au Katonga ambako utaona vizuri uanikaji. Mitumbwi inaingia kukipambazuka, na kukipambazuka kwetu ni saa 12 na nusu na kuendelea, si saa 11. Tembea pembeni mwa dagaa walioanikwa. Mgeni anayewakanyaga kwa ajili ya picha anakanyaga ada ya shule ya mtoto wa mtu. Na mama anayegeuza dagaa muombe ruhusa kwanza ndiyo utoe simu.

Kuhusu kununua. Wapo wa kuanikwa mchangani na wapo wa kuanikwa kwenye chanja. Wa chanja ni ghali kidogo lakini hawana mchanga. Chukua konzi, sugua viganja, kisha tazama viganja: ukiona chembe, ni wa mchangani. Mzuri anang'aa fedha, amenyooka, ukimkunja anakatika. Akijikunja bila kukatika hajakauka, utafika naye Dar ana ukungu. Rangi ya njano ni mafuta yaliyoanza kuchacha au amenyeshewa akaanikwa upya. Msimu wa mvua onja kabla ya kulipa.

#11 Mama_Mise

Shikamoo bibi. Hii ya kukunja naihamisha kwenye daftari.

#12 Bibi_Karabai

Marahaba mwanangu. Andika na hili: samaki wa mgebuka wa moshi anapikwa na mawese, ugali wa muhogo pembeni. Wageni wako wakikataa muhogo wape wali, ila usiwape huo mgebuka kwa mafuta ya alizeti. Tutagombana.

#13 Stoo_ya_Bandari

MV Liemba, kwa kifupi. Bandari ni eneo la ulinzi, huingii ukapanda meli kwa ajili ya selfi, na kupiga picha bandarini bila kibali kutakupeleka kwenye benchi la maelezo. Ombi linapelekwa ofisi ya bandari siku ya kazi. Jumamosi saa 11 jioni hakuna wa kukusikiliza. Isitoshe meli yenyewe imekaa miaka kadhaa bila safari, ikisubiri na kufanyiwa ukarabati, kwa hiyo ulizia hali yake wiki unayokuja.

Inayobaki ni historia, nayo inatosha. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Goetzen, ikafunguliwa vipande, ikaja kwa makasha mpaka Dar na kwa reli mpaka hapa, ikaunganishwa Kigoma na kuingia majini 1915. Tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe isitekwe, lakini kwanza wakazipaka injini grisi nene. Grisi hiyo ndiyo iliyofanya Waingereza walipoiinua mwaka 1924 wakute mitambo inafaa. Ikarudi kazini 1927 kwa jina la Liemba. Waliozamisha walidhani wataifuata tena. Walioifaidi ni wengine.

Jengo la stesheni, la Mjerumani vilevile, linaonekana kutoka barabarani bila kibali cha mtu. Reli ilifika hapa 1914. Simama upande wa mji asubuhi, mwanga uko mgongoni mwako. Kwa kupiga picha ndani ya stesheni, omba.

#14 Mwana_wa_Ujiji

Sasa Ujiji, nami nina hasira kidogo.

"Nyumba aliyoishi Livingstone" haipo Ujiji. Kilichopo Ujiji ni kumbukumbu ya mahali alipokutana na Stanley, jumba la makumbusho, na sanamu zao wawili wakisalimiana. Nyumba, yaani tembe, iko Kwihara nje ya Tabora. Baada ya kukutana, wawili hao walisafiri pamoja mpaka Unyanyembe, huko huko Tabora, Stanley akaondoka, Livingstone akabaki kwenye tembe hiyo hadi Agosti 1872 akisubiri wapagazi. Mwandishi wa ratiba amechukua picha ya Kwihara akaibandika Ujiji. Kati yake ni reli ya zaidi ya kilomita 400. Dereva wa bajaji hawezi kukupeleka.

"Mwembe wenyewe" nao ulishakufa. Miembe miwili iliyopo inaelezwa kuwa ni machipukizi ya ule wa mwanzo. Ni miembe mizuri, ina kivuli, ila usimwambie mtoto kwamba Livingstone aliegemea hapo.

Kosa la tatu linawapata wengi: wanakuja wakitegemea kusimama kwenye kumbukumbu huku miguu iko majini, kwa sababu michoro ya zamani inaonyesha ziwa jirani. Ziwa limesogea. Kina cha Tanganyika kinapanda na kushuka kwa miaka, na ufuko wa Ujiji ni tambarare, kwa hiyo mita moja ya kina inahamisha ukingo mbali. Ukimaliza makumbusho endelea kushuka kwa miguu mpaka ufukweni. Huko kuna mafundi wa mitumbwi, na mimi nasema wazi kwamba wanazidi sanamu. Mbao zinapindwa, zinapigwa misumari, kisha nyufa zinazibwa kwa pamba au nyuzi zilizoloweshwa mafuta, zikisukumwa ndani kwa patasi butu na nyundo. Tazama mkono wa fundi: anapiga, anasikiliza. Sauti ya mbao ikibadilika kutoka tupu kwenda nzito, ufa umejaa, anahamia mbele kidole kimoja. Ukikaa nusu saa utaanza kusikia tofauti mwenyewe.

Tarehe iliyozoeleka ya kukutana ni 10 Novemba 1871. Wapo wanahistoria wanaoivuta nyuma mpaka mwishoni mwa Oktoba, kwa kuwa wote wawili waliugua njiani na hesabu za siku ziliwachanganyikia. Na kabla yao, Februari 1858, Burton na Speke walishafika Ujiji. Na kabla ya wote hao, Ujiji ilikuwa na wenyewe, ina soko na misafara. Waongozaji wengi huliruka hili. Waulize kuhusu njia ya misafara ya watumwa na pembe, uone maelezo yanavyobadilika.

Umbali kutoka mjini Kigoma ni kilomita 8 hivi. Daladala zinapita Mwanga. Jumapili saa 2 asubuhi usiende, utakuta funguo ziko na mtu na mtu yuko nyumbani. Saa 4 ni salama zaidi, na ni bora upige simu jana yake.

#15 Milambo_Road

Watu wa Kigoma karibuni Tabora mwone nyumba. Asali ipo, na miembe yetu haina kesi.

#16 Mwana_wa_Ujiji

Jirani, asali tunakubali. Bahari leteni.

#17 Milambo_Road

Nanyi hamna bahari, mna ziwa 😂

#18 Mwana_wa_Ujiji

Mita 1,470 kwenda chini, la pili kwa kina duniani baada ya Baikal. Liite unavyotaka.

#19 Kuhe_Mkubwa

Turudi kwenye mada. Mtu wa Tabora anaweza kuja wikiendi kwa treni?

#20 Stoo_ya_Bandari

Anaweza kuja. Kurudi Jumatatu kazini ndiyo mashaka. Treni ya reli ya kati haipiti kila siku, na inayotoka Dar inafika Tabora ikiwa imeshabeba ucheleweshaji wa njia nzima. Tabora mpaka Kigoma ni usiku mzima ikienda vizuri. Mvua ikikata tuta mahali popote, ratiba ni karatasi. Njoo kwa treni, rudi kwa basi, na siku ya kurudi usiweke shughuli yoyote. Mabasi yanatoka alfajiri, kata tiketi jana yake na uwe stendi nusu saa kabla.

#21 Mwisho_wa_Reli

Asanteni. Nimejaribu kuipanga upya kwa kuanza na vitu visivyobembelezeka: mwezi, boti, jua. Vingine vinajaza nafasi. Mniambie panapovuja.

Chagua wikiendi ya mwezi mwandamo. Ijumaa ikitua ndege, malizana na boti ya kukodi na malipo ya hifadhi, kisha lala. Jumamosi saa 12:30 kutoka Kibirizi, na mitumbwi ya dagaa mnapishana nayo ikiingia, kwa hiyo mmeiona bila kuipangia saa. Gombe saa 2 na nusu, kutembea, kutoka saa 8 kamili, Kigoma kabla ya saa 12. Machweo palepale ufukweni Kibirizi au kwenye mkahawa wowote unaotazama maji, bila kukimbilia Jakobsen, maana kufika huko mnahitaji usafiri mwingine na kiingilio. Chakula saa 2 usiku. Jumapili Katonga asubuhi, kununua dagaa, Ujiji saa 4 mpaka saa 6, uwanja wa ndege.

Liemba imetolewa. Kwihara imerudishwa Tabora.

#22 Gati_la_Kibirizi

Panavuja mahali pamoja. Ukimaliza kutembea saa 8 kamili huwezi kutoka saa 8 kamili. Watu wanataka kuoga, mmoja anatafuta chaja. Mwambie mwongozaji mwanzoni kwamba saa 7 mnageuza, muwe mmewaona sokwe au hamjawaona. Mkishindwa kukubali hilo, laleni huko na Ujiji iachwe. Kujaribu vyote viwili wakati kusi linavuma ndiko kunakozaa boti ya usiku.

#23 Kasekela_Njia_Panda

Naunga mkono. Na viatu viwe vya kushika udongo. Miteremko ya Gombe ikinyeshewa inateleza, ikikauka ina changarawe. Msimu wa mvua sokwe huwa hawaendi mbali sana juu, kwa hiyo kuna nafuu ya umbali, hakuna nafuu ya matope. Maji ya kunywa lita 2 kwa mtu.

#24 Mama_Mise

La mwisho kwa bibi: dagaa kilo 5 na mawese lita 3 kwenye ndege, inawezekana?

#25 Bibi_Karabai

Dagaa usiwatie kwenye nailoni wakiwa na joto la jua, watatoa jasho wavunde. Waache wapoe kivulini, wafunge kwenye gazeti mara mbili, ndipo mfuko, ndipo boksi gumu. Wakandamize kidogo tu, ukishindilia unafika na unga.

Mawese hayaingii kabinini. Weka kwenye dumu la kifuniko cha kuzungusha, jaza usifike juu, acha vidole viwili vya nafasi. Chini ya kifuniko tandika kipande cha nailoni kabla ya kukaza. Funga dumu kwenye mfuko mzito, liweke wima katikati ya nguo usizozipenda. Yakiganda kwa baridi ni kawaida, yataachia ukiyaweka juani. Lakini uliza kwanza kaunta ya shirika lako kama wanapokea mafuta na samaki wakavu, maana wapo wanaokataa, na jibu hilo litafute Ijumaa unapotua, siyo Jumapili ukiwa umeshabeba dumu.